Nahodha wa Baba

Jumamosi, 14 Juni. Ibra, Oman.

Nimefika mchana, gari imejaa vumbi na mimi nimejaa njaa. Likizo yangu yote ya mwaka nimeichukua kwa mkupuo, na mkuu wetu wa duka la dawa kule hospitali ya Nizwa alinitazama kama mtu aliyeomba aazimwe jengo. Nimemwambia nakwenda kumsaidia baba na tende. Ni kweli, ila si kweli yote.

Iliyobaki ni hii. Kwanza, baba anaandika kitabu na macho yamemtupa mkono. Katikati ya jicho pamekufa, anaona pembeni tu. Akitaka kukuona uso inambidi autazame ukuta. Kwa hiyo yeye atasema, mimi nitachapa. Pili, Laith anataka kuja kuniposa msimu huu, kabla tende hazijaingia magunia. Tumengojana miaka minne. Nina miaka thelathini na tatu, na mama ameshaacha kuniuliza nitaolewa lini, jambo ambalo linauma kuliko kuulizwa.

Shajara hii naianza kwa sababu mtu anayechapa maneno ya mwenziwe mchana kutwa anahitaji pahala pa kusemea yake.

Jumapili, 15 Juni

Joto. Sina la kuandika ila joto.

Jumatano, 18 Juni

Kitabu cha baba ni riwaya. Vita vyenyewe vilikuwapo: zaidi ya miaka mia mbili nyuma watumwa wa Haiti, huko bahari ya Karibi, waliasi wakamtoa Mfaransa nchini, na walikuwa na mashua walizozipiga makasia kuzifuata manowari. Nahodha ndiye wa kubuni. Baba kamwita Anselmi. Hana ukoo, baba yake hajulikani, ana alama ya chuma cha moto begani, na baba yangu anampenda kuliko watoto wake wote. Wivu sina, maana mtoto ni mimi peke yangu.

Baba alifundisha historia Nizwa miaka mingi. Haiti haikuwamo katika vitabu vya shule, lakini kila mwaka aliiibia somo moja. Wanafunzi wake wa zamani, sasa wana mvi, wakikutana naye sokoni humuuliza, "Mwalimu, bado unawapiga Wafaransa?"

Leo alitaka kupanga vita. Kachukua sinia, kaweka dele la kahawa katikati, hiyo ndiyo manowari, na tende kuizunguka, hizo ndizo mashua. Mama katoka soko la wanawake na mashoga zake watatu wakitaka kahawa.

"Nadhir, nipe dele langu."

"Ngoja upepo ufe kwanza, Shukriya. Upepo ukiwapo meli inakimbia."

"Upepo nitaufisha mimi," akasema mama, akaichukua manowari akaenda nayo jikoni. Mashoga zake wakaila nusu ya mashua. Baba akacheka mpaka akakohoa. Sijui mzee mwingine mwenye furaha kama yeye.

Ijumaa, 20 Juni

Laith amekuja kutoka Sur. Nilimwambia baba kuna mhandisi wa mtambo wa kusafisha maji ya bahari, anasoma Kiswahili vizuri, atakusomea yale tuliyokwisha kuyachapa ili uyasahihishe. Mama alinitazama tu akaenda kuvaa kanga mpya.

"Shikamoo, mzee wangu."

Baba akageuza uso ukutani ili amwone. "Marahaba, mwanangu. Lo, Kiswahili hiki umekipata wapi wewe, mtoto wa Sur?"

"Kwa bibi yangu. Alizaliwa Mkokotoni, yeye ndiye aliyenilea. Kiarabu nilikikuta skuli."

"Mkokotoni! Na nisba yenu?"

Laith akaitaja, jina la kabila lao. Baba akapiga paja. "Aaa, wallah nimewajua! Nyumba yenu Unguja nilikuwa nikipita mbele yake kila siku. Shukriya, njoo umwone huyu, hawa ndio wenyewe hasa." Akaanza habari za Unguja, na baba akiianza Unguja hakuna anayepata upenyo wa kusema neno. Kisha Laith akasoma. Anasoma pole pole, kila neno analipa haki yake. Baba alifumba macho.

Nilipomsindikiza garini Laith kaniuliza, "Mzee anajua mimi wa nani?"

"Mzee anaandika habari za Anselmi," nikamwambia. "Unadhani atajali?"

Niandike wazi. Babu zake Laith walikuwa watumwa wa kabila hilo. Walipoachwa huru walichukua jina la mabwana zao, ndivyo ilivyokuwa, kwa hiyo katika kitambulisho yeye na wajukuu wa mabwana wana nisba moja. Lakini miji yetu haisahau nani wa ndani na nani wa kando. Mimi habari hii naijua, na haijawahi kunikosesha usingizi.

Ijumaa, 27 Juni

Laith tena. Wamegombana na baba tangu baada ya sala mpaka chakula. Baba alitaka mashua ziivamie manowari ubavuni, kwa kuwa ni ushujaa zaidi. Laith akasema, "Mzee wangu, mizinga yote iko ubavuni. Anselmi si mjinga. Atakuja kwa nyuma, kwenye tezi, pasipo na mzinga."

"Kwa nyuma kama mwizi?"

"Kama mtu anayetaka kufika."

Baba akanambia, "Futa. Andika tezi." Halafu, kwa sauti ndogo, "Huyu mwanangu ana akili." Nimesikia vizuri. Alisema mwanangu.

Jumatano, 2 Julai

Wafanyakazi wamekuja kukata vichala vya tende. Mabsali, aina ya tende zetu, hukatwa kabla hazijaiva, zikiwa manjano, huchemshwa katika sufuria za shaba zinazomtosha mtu mzima kulala, kisha huanikwa juani. Nyumba nzima inanuka moshi na sukari. Nywele zangu pia.

Ijumaa, 4 Julai

Kaposa! Nitaandika sawasawa, mkono ukinitulia.

Walikuja watatu: Laith, mjomba wake, na mama yake, Bi Kaltham. Mwanamke mrefu, mkimya, mikono mizuri. Alikaa na sisi wanawake, akasifu halwa, akaniuliza kazi yangu, akaniuliza kama Laith ananikasirisha. Nikasema kidogo. Akasema, "Heri yako. Mimi ananikasirisha sana."

Kule barazani baba hakumngoja mjomba amalize maneno yake. "Nimempa," akasema. "Mwanangu kwa mwanangu. Mnataka nini zaidi?" Mama, kwa adabu, akakumbusha kuwa desturi ni kumwachia ami Ishak aulize kwanza. Ami Ishak ni mdogo wake baba, anakaa Jalan Bani Bu Ali, na kazi ya kuuliza watu wa nani ni yake tangu zamani. Harusi zote za ukoo zimepita mikononi mwake.

"Aulize nini?" baba akasema akicheka. "Kiswahili chake hukukisikia? Haya, na aulize, asije akanuna."

Wamekwenda zao jua likiwa bado kali. Nimezunguka uwanja wa kuanikia tende peke yangu, nikicheka kama mwehu, na wafanyakazi wakajifanya hawanioni.

Jumamosi, 5 Julai

Furaha. Tumechapa kurasa saba.

Jumapili, 6 Julai

Furaha. Nimeunguza wali. Hakuna aliyenisema.

Jumatano, 9 Julai

Simu ya ami Ishak imekuja mchana. Baba alikuwa uwanjani akionja tende kwa vidole, maana macho hayamwambii kama zimekauka. Mama akampelekea simu. Nilikuwa dirishani. Nilimwona anasikiliza, anasikiliza, na ile tende mkononi hakuila wala hakuirudisha.

Akaingia, akakaa pahala pake. Nikafungua kompyuta.

"Leo tuko mlango wa tisa wa kitabu, baba."

"Leo hatuandiki. Njoo ukae hapa."

Nikakaa. Mama akasimama mlangoni.

"Ishak kauliza," akasema. "Yule kijana si wale. Babu zake walikuwa makhadimu wa wale."

"Najua."

Akageuza uso ukutani, na kwa hivyo nikajua ananitazama. "Unajua tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Kanambia mwenyewe, kabla hata hajanambia ananipenda. Alisema nisije nikayasikia kwa watu."

"Na weye hukunambia."

"Nilidhani hata ukijua haitakushughulisha."

"Kwa nini isinishughulishe?"

Sikuwa na jibu ila moja, nalo lilikuwa mapajani mwangu, kurasa mia mbili na zaidi. Nikaigusa kompyuta. Baba akasema taratibu, kama anavyowaeleza watoto wa skuli, "Kile ni kitabu, Rumaitha. Anselmi hana jamaa wa kukaa nao hapa Ibra."

Mama akasema, "Neno ulishalitoa, Nadhir. Mbele ya mama yake mtu."

"Nimelitoa kwa mtu mwingine."

"Mtu ni yuleyule. Kakusomea wiki mbili hapa, umemwita mwanangu."

"Khalas, Shukriya. Ma ysir." Haiwezekani. Baba yangu akitaka kusema kitu cha mapenzi hukisema kwa Kiswahili. Akitaka kufunga mlango huufunga kwa Kiarabu.

Nililia mbele yake, na sikuona haya. Nilimwambia, miaka yote ile ulitufundisha darasani na nyumbani kwamba watu wale ni mashujaa, ulitoa machozi, mimi nilikuona. Nikamwambia Laith ana diploma mbili na mikono safi na anamheshimu mama yake. Nikasema mengi, mengine sikumbuki. Hakupandisha sauti hata mara moja. Angenipigia kelele ningejua nigombane na nini. Mwisho kanambia, "Mwambie weye kwa upole. Mimi siwezi."

Nilimpigia Laith. Hakuuliza kwa nini. Alisema, "Alikuwa hajui?" Nikasema hakujua. Akasema, "Basi yale maneno yote ya mwanangu, mwanangu, hayakuwa yangu." Nikamwambia yalikuwa yake. Akasema ana zamu, anaitwa, akakata.

Alkhamisi, 10 Julai

Sikutoka chumbani.

Ijumaa, 11 Julai

Hakuna aliyekuja. Baba amekaa barazani na kofia yake nzuri mpaka adhuhuri, kama mtu aliyesahau siku. Kisha akavua kofia.

Jumamosi, 12 Julai

Mawingu juu ya milima. Tende ziko nje zote. Ikinyesha, msimu umekwenda na maji. Sikusaidia kutandika maturubali, mama alitandika.

Jumapili, 13 Julai

Baba kaniita. "Tuandike," akasema, "mwanangu, tafadhali." Sijapata kumsikia akisema tafadhali kwa mtoto. Nikachapa.

Alikuwa mahala ambapo Anselmi anawaambia wapiga makasia wake wasiulizane waliletwa na meli gani wala kutoka nchi gani, kwa kuwa leo wote ni wa mashua hii. Alisema vizuri, baba. Sauti yake ilitetemeka pale panapotakiwa. Vidole vyangu vikasimama.

"Baba. Huyu Anselmi akija kuniposa?"

Nilitaka swali limchome. Nilidhani atakasirika. Badala yake akavua miwani, ambayo haimsaidii kitu, akaanza kuifuta kwa ncha ya kanzu, na akanihadithia kitu ambacho sijakisikia katika umri wangu wote.

Alifika Ibra kijana, mwaka wa sabini na tatu, kutoka Unguja kwa njia ndefu. Alidhani anarudi kwao. Katika kila baraza aliyokaa walimuuliza: mama yako nani, bibi yako nani, mbona rangi yako hivyo. Wakamwita Zinjibari, yaani mtu wa Unguja. Na kuna kitu alichokificha. Bibi yake mzaa baba alikuwa suria, mtumwa wa ndani, Mnyasa. Jina lake Mabruka. Alimlea baba, alimbeba mgongoni, wimbo wa kwanza aliousikia ni wake. Kwa sheria zetu mtoto wa suria humfuata baba yake, kwa hiyo jina la baba limesimama sawa. Lakini alipotaka kuoa, nyumba mbili zilimrudisha. Hawakusema kwa nini. Walisema binti bado mdogo.

"Nyumba ya tatu ni ya mama yako," akasema. "Babu yako hakuuliza, au aliuliza akanyamaza, Mungu amrehemu. Tangu siku hiyo, miaka khamsini sasa, najenga ukuta. Kisomo, sala, tende, salamu, harusi za watu, maziko ya watu. Ili mtu akikutazama weye asipate pa kuanzia kuuliza. Sasa nikikupa huko, wataanza upya. Watafika mpaka kwa Mabruka."

"Kwa hiyo na mimi nina damu yake."

"Ndiyo maana," akasema.

Nilikuja hapa nikidhani nina baba jasiri. Wiki hii nimedhani nina baba mnafiki. Leo nimemwona anaogopa, mzee wa miaka sabini na minane, na kosa la bibi aliyemwimbia halipo kokote ila katika hofu yake. Laiti angemchukia Laith ingekuwa kazi nyepesi kwangu.

Jumatatu, 14 Julai

Mawingu yamekwenda zao bila kunyesha.

Ijumaa, 18 Julai

Laith amekuja.

Hakuna aliyemwita. Alisimamisha gari pahala palepale, akavua viatu, akatoa shikamoo. Baba akaitika marahaba. Mama akaleta kahawa, akammiminia kwanza yeye kabla ya baba. Kwetu hilo si dogo.

Baba alijaribu. Alisema, "Mwanangu, mimi nakuheshimu. Nakupenda pia, Mungu shahidi. Lakini..." Laith akamsaidia. "Nimefahamu, mzee wangu. Sikuja kwa hilo. Nilikuahidi nitakusomea mpaka vita viishe, na nasikia mlango wa tisa umekwisha. Mtu akiahidi amalize."

Nikampa Laith karatasi. Vidole vyetu havikugusana, tulihakikisha.

Akasoma. Mwisho wa mlango naunakili hapa, kwa sababu nitausikia kwa sauti yake maisha yangu yote:

"Upepo ulikufa saa ya jua kali. Manowari ikasimama, matanga yake yakaning'inia kama nguo za mwenye homa. Anselmi akanyoosha mkono, na mashua kumi na moja zikatoka nyuma ya mwamba bila wimbo na bila neno. Mfaransa aliwaona walipokwisha kuwa kwenye tezi. Akapiga kelele mizinga igeuzwe, na mizinga haikuweza kugeuzwa. Wakapanda kwa kamba, kwa kucha, kwa mabega ya wenzao. Na Anselmi, aliyeletwa katika bahari ile amefungwa chini ya sitaha, akasimama juu ya sitaha. Akamtazama nahodha wa Kifaransa. Akamwambia: Mimi ndiye uliyekuwa hunioni."

Alisoma mpaka mwisho, hakuharakisha hata neno. Baba alikuwa analia wazi wazi, machozi yanaingia ndevuni, na kwa kuwa alitaka kumwona Laith alikuwa ameugeuza uso kwangu. Basi mimi ndiye niliyeyaona machozi hayo yote. Nikangoja. Nilijua kwamba mtu aliyelia hivyo hawezi kuuacha mlango umefungwa. Niliomba kimoyomoyo, sasa, baba, sasa hivi, sema.

Laith akaziweka karatasi chini, akazilinganisha ncha, akainuka akambusu baba kichwani.

"Kitabu kizuri, mzee wangu," akasema. "Mungu akupe umri ukimalize."

"Amin," baba akasema. "Amin, mwanangu." Na basi.

Nilisikia gari ikiondoka. Mama akakaa sakafuni na dele lake, hakulipeleka jikoni.

Jumapili, 20 Julai

Nimeamua. Baba ndiye walii wangu, mwenye kuniozesha, lakini walii akikataa bila sababu ya dini mwanamke anaweza kwenda kwa hakimu. Nimempigia Laith kumwambia. Kasema, "Zungumza na mama yangu kwanza." Na mama yangu mimi nimemwambia. Kanipa funguo za gari yake, yangu tairi yake mbovu.

Jumanne, 22 Julai. Sur.

Bi Kaltham alinipokea mlangoni, akanishika mikono yote miwili. Nyumba yao ndogo, baridi, safi. Alinilisha kwanza. Hakuniruhusu kusema mpaka nimekula samaki wake.

Nikamweleza habari ya hakimu. Alisikiliza kichwa kimeinama.

"Mwanangu," akasema, "hakimu ataita mashahidi?"

"Huenda."

"Watu wazima wa huku na wa huko. Watasimama waulizwe huyu kijana baba zake walikuwa kina nani. Watamtaja baba yangu Marzuku. Watasema alinunuliwa na nani, alikuwa akilala wapi. Mbele ya karani, iandikwe." Akanimiminia maji. "Baba yangu alikufa akiitwa ami na mtaa mzima. Sitaki afukuliwe, hata kwa harusi."

"Lakini tutashinda, mama."

"Najua mtashinda. Kisha Idi utamleta mume wako kwa baba yako, naye atampa kikombe kwa hukumu ya mahakama." Hakusema kwa ukali. "Weye nimekupenda tangu siku ile ya halwa. Ningekuchukua leo na nguo ulizovaa. Lakini mimi nilikwenda kwenu na mguu wangu, nikakaa, nikapewa neno, likarudishwa kwa simu. Usidhani kibri ni cha baba yako peke yake. Na sisi tunacho. Tulikuwa hatuna kitu kingine."

Nikainama nikambusu mkono. Akanifunga mtandio vizuri, kama mtoto anayekwenda skuli.

Laith alikuwa zamuni. Nilimngoja nje ya mtambo, tukasimama katikati ya magari, jua linatuchoma. Nikamuuliza kama mama yake kamkataza.

"Hakunikataza. Kaniomba," akasema. "Kukatazwa ningeweza."

Tulisimama pale mpaka wenzake wakaanza kutoka kazini. Nikamwambia ningekwenda naye popote, mji wowote. Akasema, "Mji wowote wana simu, Rumaitha, na ami Ishak ana watu wake kote." Tukacheka, wallahi tulicheka. Kisha akaugeukia mlango wa gari ya mama, akaufungua, akangoja niingie.

Jumatano, 23 Julai

Tende za mwanzo zimeingia magunia.

Jumapili, 27 Julai

Sitaki kuandika.

Ijumaa, 1 Agosti

Baba kauliza, akiutazama ukuta, kama yule kijana wa Sur yu mzima. Nikasema sijui. Akasema, "Hakuna anayesoma kama yeye." Nikatoka.

Mama amehamia chumba cha wageni. Anasema kwa sababu ya kiyoyozi.

Ijumaa, 8 Agosti

Kesho narudi Nizwa. Baba kasema tumalize leo, umebaki mlango mmoja.

Nilidhani ni mlango mwepesi. Vita vimekwisha, manowari imekamatwa, Anselmi anarudi pwani na mashua zake na watu wanamngoja wakishangilia. Nikasikia wafanyakazi nje wakifagia uwanja mtupu.

"Nahodha afe," akasema.

Nikadhani sikusikia vizuri. "Afe vipi, baba? Vita si vimekwisha?"

"Kuna Mfaransa mmoja kajificha chini na bunduki. Anselmi anaposhuka katika mashua, anampiga mgongoni. Andika."

"Kwa nini?"

Alikuwa akizungusha tasbihi, akaisimamisha. "Akiishi atashuka pwani," akasema. "Akishuka pwani atataka nyumba. Atataka mke. Atakwenda kwa watu, na watu watamuuliza wa nani. Nimefikiri mwezi mzima, Rumaitha. Sijui nimweke wapi."

Nikachapa. Nilimchapa Anselmi akianguka, nikachapa damu yake juu ya makasia, nikachapa wapiga makasia wakimlaza na kumfunika tanga. Baba hajapata kusema vizuri kama leo. Kila sentensi ilikuja imekamilika, hakuna hata moja aliyoirudia. Kisha akanambia nisome, maana sasa msomaji ni mimi. Nikamsomea, na sauti haikunisaliti mpaka karibu na mwisho.

Baba alikuwa amefumba macho, uso umelowa. "Mungu amrehemu," akasema, kama anayemzungumza jirani. "Alikuwa mtu mwema."

Mama alikuwa mlangoni na shuka za chumba cha wageni mkononi. Alimtazama kwa muda.

"Wafu unawapenda, Nadhir," akasema. "Kosa la hawa wengine ni kuwa hai."

Nimehifadhi kitabu, nimezima kompyuta, nimefunga sanduku langu. Yeye ana wa kumlilia, amekwisha kumzika vizuri na maneno mazuri. Wangu mimi yuko Sur, mzima, anakwenda kazini na kurudi, mwendo usiofika saa mbili kwa gari kutoka kitandani hapa ninapoandika, na barabara ni nzuri yote.